Akiba Inaoza

"Hili halijaguswa, kaka. Cheki, hata vinyweleo bado vipo."

Tulikuwa Gerezani, Kariakoo, Jumamosi ya jua kali. Muuzaji alikuwa amenigeuzia tairi jembamba lililovikwa rimu ya chuma, na alichosema kilikuwa kweli. Zile nywele za mpira ambazo tairi jipya hutoka nazo kiwandani zilikuwa bado zimesimama. Lilikuwa limelala kwenye buti la gari fulani Japani, likapanda meli pamoja na gari lake, likaja kulala tena Dar es Salaam. Halikuwahi kugusa lami.

Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta namba ubavuni. Mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT kulikuwa na tarakimu tatu: 348. Maana yake ni wiki ya 34 ya mwaka unaoishia na 8. Matairi yaliyotengenezwa kuanzia 2000 yana tarakimu nne, kwa hiyo hili lilikuwa la 1998 kama nina bahati, na la 1988 kama sina.

"Hili lina miaka 27, kaka."

"Lakini halijatumika!"

"Ndiyo shida yake."

Akanitazama kama mtu aliyekataa hela. Sikumlaumu. Sote tumelelewa na methali moja: akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na shilingi zilizo benki, sawa. Kwa tairi, wahenga walikosea. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Joto na hewa vinaukausha taratibu, nyuzi za ndani zinaachana na mpira wake, na kwa macho huoni kitu. Watengenezaji wakubwa, Michelin na Continental wakiwemo, wanashauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 10 hata kama kashata zake bado ni ndefu, na la akiba limo humo humo kwenye hesabu. Tairi lililolala miaka 27 linakusubiri siku ya shida ndipo likupasukie.

Nikaondoka mikono mitupu, nikaenda kuangalia duka linalofuata. Sikuwa natafuta tairi tu. Nilikuwa natimiza sharti.

*

Sharti ni la mjomba wangu. Ana miaka 79, anaishi Temeke, mitaa ya nyuma ya soko la Tandika, na kwa miaka 41 uani kwake, chini ya mwembe, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai. Watoto wa mtaani walidhani ni mtumbwi. Ni Datsun 240Z ya 1972: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kama pua ya papa, na chini yake injini ya silinda sita, lita 2.4. Alilinunua 1979 kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi. Kwa nini gari hilo na si Peugeot kama watu wengine? Kwa sababu ya mashindano ya Safari.

Wenye umri wangu wanaweza kukumbuka. Mashindano yale yalianza 1953, yakikata Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo wazee wanahesabu miaka kwa magari yaliyoshinda. 1971 ilikuwa 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. 1973 ilikuwa 240Z tena, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mjomba alipenda sana kisa hicho. "Mjomba," alikuwa akiniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "mambo yakilingana mwisho, watu wanarudi kuangalia ulianza kukosea wapi."

Mwaka jana akaniita. Nikaenda, nikamwamkia, akaitikia, akanipa funguo bila hotuba. "Chukua. Mimi macho yamekwisha. Lakini sikiliza. Usiliendeshe mpaka uwe na tairi la akiba. Na tairi liwe limefungwa. Siku utakayolibeba halijafungwa, nirudishie gari langu."

Nilijua anazungumzia nini. Hatukuwahi kukizungumza.

*

Kwanza nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo lilinichukua miezi mitatu.

240Z haina buti. Nyuma ya viti kuna sakafu ndefu chini ya kioo, na chini ya sakafu hiyo kuna shimo la duara ambamo tairi la akiba hulala. Shimo lile lilichongwa kwa tairi la kiwandani, jembamba, la inchi 14. Matairi ya kipimo kile leo kuyapata Dar ni kazi, kwa hiyo nilivaa rimu za inchi 15 na tairi za 195/65, kipimo ambacho kila fundi pancha kuanzia Mbagala hadi Bunju anakijua kwa sababu Toyota nyingi zinakivaa. Kwa kimo tairi hizo zinakaribiana sana na za asili, kama sentimita 63 na nusu toka ardhini hadi juu. Lakini ni pana. Nilipojaribu kulaza moja shimoni, ubao wa sakafu ulibaki umeinuka na kuchezacheza.

Ndiyo nikaanza kutafuta spea nyembamba, ile ambayo baadhi ya magari ya Kijapani huja nayo. Mtaani "spea tairi" ni neno la matusi ya mapenzi: mtu unayemweka pembeni mpaka wa kwanza akukere. Baada ya miezi mitatu ya kuzichunguza, nadhani tunazionea. Spea nyembamba ni kitu chenye masharti yake yaliyoandikwa wazi ubavuni. Chukua T125/70D15. T ni ya muda tu. 125 ni upana wake kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 15 ni inchi za rimu. Pembeni imeandikwa mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na upepo ni psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Fundi pancha akiona kitairi chembamba anaweka 30 na kukuaga, na kitairi kinaenda kujikunja njiani.

Masharti mengine hayakuandikwa, inabidi uyapime mwenyewe. La kwanza, matundu ya nati: Datsun ina nne, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama ni milimita 114.3. Magari mengi madogo yana matundu manne pia lakini yana milimita 100, na kwa macho ya haraka utaapa ni sawa. La pili, kimo. Hiyo T125/70D15 ina kama sentimita 55 na nusu, fupi kuliko tairi zangu kwa sentimita nane. Gari linakaa upande kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nilitafuta ndefu kuliko hiyo mpaka nikapata moja ya sentimita 60 kwa futi kamba. La tatu, rimu yake ipite juu ya breki. Mbele 240Z ina breki za disiki, na kile kibanio chake hakitaki mchezo. Nilifunga spea pale uani, nikaizungusha kwa mkono, nikasikiliza. Ikikwaruza nyumbani unacheka. Ikikwaruza barabara ya Mandela usiku, hucheki.

La nne lilinishtua. Rimu zangu za aluminiamu zinatumia nati za shingo ndefu zenye washa bapa. Rimu ya chuma ya spea inataka nati zenye kichwa cha koni, zinazojikalisha zenyewe kwenye tundu. Ukiifunga spea kwa zile nyingine, inaonekana imekaza, kumbe inaelea. Sasa nina nati nne za koni ndani ya soksi kuukuu, na soksi imefungwa kwenye wili spana ili moja isiende bila nyingine.

Niliyoipata mwisho ilikuwa na namba 1519: wiki ya 15 ya 2019. Ina umri wa miaka sita, kwa hiyo nina mpaka 2029. Nimeandika tarehe hiyo kwa chaki ya njano ndani ya shimo.

*

Sasa nizungumzie kufunga. Hapa lazima nirudi 1984.

Ilikuwa Juni, miezi miwili baada ya Sokoine kufariki kwa ajali ya gari kule Dakawa. Miaka ile ya uhaba, na baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983, mchele haukubebwa ukionekana onekana. Mjomba alikwenda Morogoro na akamchukua dada yangu, aliyekuwa na miaka 15, akamsalimie bibi. Mimi nilikuwa na tisa. Gari lina viti viwili, nikabaki nyumbani nalia.

Wakati wa kurudi walipata pancha. Mjomba akafunga tairi la akiba, kazi ya dakika 20. Tairi lililotoboka lilipaswa kwenda shimoni, na lingeingia vizuri maana yote matano yalikuwa kipimo kimoja. Lakini shimoni mlikuwa na mchele, kilo 20 hivi, umefichwa chini ya ubao. Kwa hiyo tairi akalilaza juu ya sakafu, nyuma ya viti, halijafungwa kwa chochote. Si mbali, alifikiri. Karibu na Mlandizi ng'ombe akaingia barabarani, Mjomba akakanyaga breki, gari likasimama. Tairi halikusimama.

Lilipita katika nafasi iliyo kati ya viti viwili na kumpiga dada bega la kulia kwa nyuma.

Juzi nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kutaka kuifanya. Gari likigonga kitu na kusimama toka kilomita 50 kwa saa ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinasukumwa mbele kwa nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Tairi na rimu, kilo 18, linakuwa kama kitu cha kilo zaidi ya 350. Kwa Mjomba ilikuwa breki tu, gari halikugonga chochote, kwa hiyo nguvu ilikuwa ndogo sana kuliko hiyo. Na bado bega lilivunjika. Liliungwa, lakini halikurudi. Mpaka leo dada hawezi kuinua mkono wa kulia kupita sikio. Kujitanda khanga kichwani ni mpaka asaidiwe, au atumie kushoto na meno.

Mchele tuliula. Hilo ndilo sijawahi kuliandika popote. Mama aliupika Jumapili, dada akiwa bado hospitali, na nakumbuka ulikuwa unanukia, na nakumbuka niliomba niongezewe.

Mjomba alilipaki gari chini ya mwembe na hakuliendesha tena. Alimlipia dada ada mpaka akamaliza kidato cha sita. Kila Idi alileta kitambaa cha gauni. Lakini neno hakusema. Kwetu wanasifu mtu anayeweka akiba ya maneno, na Mjomba alisifiwa sana.

*

Kwa hiyo nilifunga.

Spea yenyewe ilikuwa rahisi. Katikati ya shimo kuna boliti ndefu inayopita kwenye kitovu cha rimu, na kuna bamba na nati ya masikio ya kukazia kwa mkono. Kitovu cha rimu ya spea kilikuwa kipana kuliko bamba la zamani, lingeweza kuchomoka, nikachongewa bamba jipya pana pale pale Gerezani. Jeki nayo ina mkanda wake. Jeki ya kilo tatu si haba ikiruka.

Kigumu ni kile ambacho watu wengi hawakifikirii siku ya kununua. Spea nyembamba inaingia shimoni. Je, siku ya pancha, tairi pana lililotoboka litaingia wapi? Haliingii. Ukichagua spea ndogo umechagua pia kwamba siku ya shida utabeba tairi kubwa juu ya sakafu, nyuma ya kichwa cha mtu, yaani vile vile kama 1984.

Nilikaa na fundi wangu wa Tegeta tukafikiri. Tulitoboa sakafu sehemu nne, tukafunga pete za chuma zenye boliti, na chini ya kila pete, upande wa nje, tukaweka bamba nene la chuma ili boliti isichane bati. Kisha mikanda miwili mipana ya kufungia mizigo, ile ya malori yenye mkono wa kukazia, inayopita juu ya tairi kwa msalaba, mmoja ukipenya ndani ya matundu ya rimu. Fundi alipendekeza mpira wa tyubu, kama wanavyofungia mizigo kwenye baiskeli. Nikakataa. Mpira unavutika, na kitu kinachovutika kinaliachia tairi likimbie kwanza ndipo kilikamate.

Nilipomaliza nikampigia Mjomba. "Limefungwa?" akauliza, kabla ya salamu. Nikasema limefungwa. Akakata simu. Tangu siku hiyo, kila akijua ninatoka na gari, ananipigia na neno hilo hilo moja.

*

Dada alikubali kupanda Jumapili moja ya Agosti, baada ya kukataa mara mbili. Nilimfuata Mbagala nimpeleke kwangu Boko, mwisho mwingine wa jiji. Alikaa kiti kile kile. Alinyamaza toka Rangi Tatu mpaka Uhasibu, tulipokata kuingia barabara ya Mandela, halafu akasema kiti kinanukia kama zamani.

Tulipopita Buguruni, karibu na Tabata, nyuma kushoto kukaanza kupiga pwata pwata. Skrubu. Barabara ile ya malori ya bandarini haikosi.

Nikaegesha pembeni kabisa, nikaweka pembetatu nyuma, na kuanza kazi ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi uani mara mbili. 240Z inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiweka spea fupi nyuma, gurudumu moja linazunguka haraka kuliko jingine muda wote na difu inachemka bila sababu. Kwa hiyo unatoa tairi zima la mbele unalipeleka nyuma, na spea unaiweka mbele. Unapiga jeki mara mbili badala ya moja. Kijana wa bodaboda aliyesimama kututazama alidhani nimechanganyikiwa. "Mzee, si ungebandika tu hapo hapo?" Nikamweleza. Akasema, "Aisee," akanishikia nati.

Kisha likabaki tairi kubwa, limelala juu ya lami, na mimi, na dada. Hakuna aliyesema kitu. Nikalinyanyua, nikalilaza kwenye sakafu nyuma ya viti, nikapitisha mikanda, nikakaza. Nilikuwa nafunga mlango wa nyuma dada aliponishika mkono.

"Ngoja."

Akainama, akashika mkanda wa kwanza kwa mkono wa kushoto, akauvuta. Haukucheza. Akashika wa pili, akaona bado una nafasi ya kidole, akasukuma ule mkono wa kukazia mara moja, mara mbili, tatu, mpaka ukagoma. Akalisukuma tairi kwa kiganja kama mtu anayejaribu mlango usiku.

Simu ikaita. Alikuwa Mjomba, bila shaka. Dada akaichukua mikononi mwangu.

"Shikamoo mjomba... Ni mimi... Ndiyo, tumepata pancha. Limefungwa. Nimelifunga mwenyewe."

Nilisubiri asikie simu ikikatwa. Haikukatwa. Alisimama pale, malori yakipita, simu sikioni, kwa muda ambao kijana wa bodaboda aliona haya akageuka kuangalia pikipiki yake. Kisha nikamwona akikaza macho, kama anajaribu kusikia vizuri zaidi.

"Nimeshapoa, mjomba," akasema. "Zamani."

Alinirudishia simu akaingia garini. Nilimuuliza alichosema Mjomba, ingawa kwa Kiswahili jibu lile lina swali moja tu. "Kasema pole," akanijibu. "Halafu akawa analia, sasa nifanyeje?" Tukaenda mpaka Boko kwa mwendo wa kilomita 60, spea fupi mbele, gari limeinama kidogo upande wake. Pale Mwenge aliniambia kwamba pole ile angeitaka zaidi akiwa na miaka 15, au 20, kwamba alipokuwa na 30 alikuwa ameacha kuingoja, na kwamba sasa imekuja hajui aiweke wapi. Lakini imekuja, akasema. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Jumatatu fundi pancha aliziba tairi kubwa, nikalirudisha mahali pake. Spea niliijaza upepo mpaka 60, nikaifuta vumbi, nikailaza shimoni, nikakaza nati ya masikio. Vinyweleo vyake vya katikati vimekwisha, vilibaki Mandela. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naipima upepo. Na Mjomba bado anapiga simu, ila siku hizi anaanza na salamu.